Ya kale ni dhahabu, lakini ni nani aliyeichimba?

Kila mwaka, majira ya tamasha za muziki yanapowadia, walimu katika shule zetu huanza kuulizana swali moja: je, wimbo huu ni wa asili kweli? Swali hilo huulizwa kwa nia njema. Tumelelewa na methali isemayo kuwa mwacha mila ni mtumwa, na hakuna mwalimu atakaye kuwaongoza wanafunzi wake kuelekea utumwani. Hata hivyo, ni nadra kumsikia mtu akiuliza maswali yanayostahili kulitangulia hilo. Asili hiyo ni ya lini? Imeamuliwa na nani? Na mwamuzi mwenyewe aliisikia wapi?

Leo ningependa kuwasimulia wasomaji habari za msomi mmoja aliyeyashughulikia maswali ya namna hiyo maisha yake yote ya kazi, ingawa muziki aliouchunguza haukuwa wetu. Msomi huyo ni Profesa Richard Taruskin wa Marekani, aliyefariki dunia tarehe 1 Julai 2022 mjini Oakland, katika jimbo la California, akiwa na umri wa miaka 77. Alikuwa mwalimu wa historia ya muziki, mpigaji wa ala za kale, kiongozi wa kwaya, na mwandishi wa makala za magazetini ambaye wanamuziki wengi walimwogopa kuliko walivyompenda. Jina lake halijulikani sana huku kwetu. Naamini kwamba kazi yake ina funzo ambalo mwalimu na mwanafunzi wa Kenya hawana budi kulipata.

Taruskin alizaliwa jijini New York tarehe 2 Aprili 1945, katika familia ya Kiyahudi ambayo mizizi yake ilikuwa katika iliyokuwa Dola ya Urusi. Baba yake alikuwa wakili aliyependa kupiga fidla, na mama yake aliwahi kufundisha piano. Yeye mwenyewe alijifunza selo, ile fidla kubwa ambayo mpigaji huipiga akiwa ameketi. Alipoingia Chuo Kikuu cha Columbia, shahada yake ya kwanza, aliyoipata mwaka wa 1965, haikuwa ya muziki bali ya Kirusi. Wale wanaowakatisha tamaa wanafunzi wanaotaka kuchanganya lugha na sanaa na watafakari hapo. Lugha hiyo ndiyo iliyomfikisha Moscow mnamo 1971 na 1972, enzi za utawala wa Kisovieti, akachunguze opera za Kirusi za miaka ya 1860. Aliporejea alikamilisha shahada ya uzamifu, akafundisha Columbia kwa miaka kadhaa, kisha katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 akahamia Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Huko alifundisha hadi alipostaafu mwaka wa 2014.

Lakini darasani na maktabani siko alikoanzia ubishi uliompa jina. Katika miaka ya 1970, jiji la New York lilikuwa limejaa vijana waliovutiwa na muziki wa kale wa Ulaya, yaani ule uliotungwa kabla ya katikati ya karne ya kumi na nane na kuachwa na wengi baadaye. Taruskin alikuwa mmoja wao. Alipiga viola da gamba, ala ya nyuzi ambayo mpigaji huibana kati ya magoti na kuipiga kwa upinde, pamoja na kundi la Aulos Ensemble. Aidha, aliiongoza kwaya iliyoitwa Cappella Nova, ambayo iliimba nyimbo za kanisani za watunzi wa karne ya kumi na tano kama vile Ockeghem na Busnoys. Nyimbo za Busnoys zenye maneno ya Kilatini alizihariri mwenyewe kutoka katika miswada ya kale, na kitabu chake kikachapishwa mwaka wa 1990. Kwa hivyo, alipoanza kuwakosoa wapigaji wa muziki wa kale, hakuwa mtazamaji wa ngoma aliyesimama kando. Alikuwa uwanjani, jasho likimtoka kama wenzake.

Wenzake hao walikuwa na dai gani? Vuguvugu lao lilikuwa na umri wa miongo kadhaa. Arnold Dolmetsch, aliyeishi Uingereza, alikuwa ameunda upya ala zilizosahauliwa na kuandika mwaka wa 1915 kitabu kuhusu namna zilivyopigwa. Mwaka wa 1953 Nikolaus Harnoncourt alianzisha kundi lake huko Vienna, na mwaka wa 1973 Christopher Hogwood akaanzisha lake Uingereza. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: tukitaka kumsikia Bach jinsi alivyosikika zama zake, tutumie ala za zama zake, zenye nyuzi za utumbo wa mnyama badala ya chuma, tupunguze idadi ya wapigaji, na tufuate mafunzo yaliyomo katika vitabu vya wakati huo. Kazi hiyo ilihitaji bidii na elimu nyingi, na matokeo yake yaliwafurahisha mamilioni ya wasikilizaji. Kampuni za kurekodi muziki nazo zikaona soko, zikaanza kuchapisha kwenye majalada ya santuri kwamba muziki uliomo ndani ni wa asili halisi.

Ni neno hilo, asili halisi, lililomkera Taruskin. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliandika makala moja baada ya nyingine akilipinga, na mwaka wa 1995 akazikusanya makala hizo katika kitabu kiitwacho Text and Act. Hoja yake nitaieleza kwa maneno yangu mwenyewe, na kwa mifano ambayo mwalimu anaweza kuitumia darasani.

Kwanza, ushahidi ni mchache mno kuliko dai. Bach alifariki mwaka wa 1750, na chombo cha Edison cha kunasa sauti kilibuniwa mwaka wa 1877. Hakuna aliye hai, wala santuri yoyote, inayoweza kutuambia jinsi muziki wa Bach ulivyosikika kanisani Leipzig. Nota zilizoandikwa hutaja sauti ipi iimbwe na kwa muda gani, lakini hunyamaza kuhusu mengi: ukali au upole wa sauti, kasi kamili, madoido, pumzi. Mpigaji hana budi kuyajaza mapengo hayo, na huyajaza kwa ladha aliyo nayo yeye, mtu wa leo.

Pili, hata pale ushahidi ulipo, watu huchagua wanaoupenda. Chukua mfano wa kimo cha sauti. Okestra za leo hulinganisha ala zao kwa sauti yenye mitikisiko 440 kwa sekunde. Makundi mengi ya muziki wa kale hutumia 415, na msikilizaji hudhani kwamba hicho ndicho kimo cha karne ya kumi na nane. Ukweli ni kwamba karne hiyo haikuwa na kimo kimoja. Kila mji, na wakati mwingine kila kanisa, lilikuwa na chake. Hiyo 415 ni maafikiano ya watu wa karne ya ishirini, waliyoyachagua kwa kuwa iko nusu hatua kamili chini ya 440 na kwa hivyo inawarahisishia kazi.

Mfano mwingine ni mzito zaidi. Opera nyingi za karne ya kumi na nane ziliandikiwa wanaume waliohasiwa utotoni ili sauti zao zisikomae. Mmoja wa mwisho kati yao, Alessandro Moreschi, alirekodiwa huko Roma mwaka wa 1902 na 1904, na sauti yake ingali inasikika katika rekodi hizo. Je, yupo mpenda asili anayedai kwamba desturi hiyo ifufuliwe? Hayupo, na Mungu apishe mbali. Basi tukubali kwamba kila tunapotamka neno asili tumekwisha kupepeta, tukabakiza tunachokitaka na kupeperusha kingine. Kupepeta si kosa. Kosa ni kukana kwamba ungo umo mikononi mwetu.

Tatu, na hapa ndipo Taruskin alipowachoma wenzake, mtindo ulioitwa wa kale ulikuwa kwa kweli mpya. Muziki huo ulipigwa kwa mwendo wa haraka, sawasawa kama saa, bila kutetemesha sauti wala kuonyesha hisia nyingi. Lakini rekodi za mwanzoni mwa karne ya ishirini zinatuonyesha kitu kingine. Mpiga fidla Joseph Joachim, aliyezaliwa mwaka wa 1831, alirekodiwa mwaka wa 1903. Ukimsikiliza unamsikia mzee anayevuta mwendo na kuulegeza apendavyo, na anayetelezesha kidole kutoka sauti moja hadi nyingine. Ukavu na usawa ule uliouzwa kama ukale, Taruskin alisema, asili yake si karne ya kumi na nane bali ladha ya kisasa ya karne ya ishirini, ladha ya akina Igor Stravinsky.

Hapa wasomaji wengi walimwelewa vibaya. Walidhani kwamba anawataka wapigaji watupe ala za kale na kurudia piano na okestra kubwa. Sivyo. Alisema kwamba mtindo huo una uhai na unawagusa watu kwa sababu ni wa leo. Aliwataka tu wenyewe waseme kweli, kwamba wanafanya kazi ya ubunifu na kwamba jukumu la ubunifu huo ni lao. Ubishi wake ulizaa matunda. Leo wengi wa wapigaji hao wameliacha neno asili halisi, na hujieleza kwa unyenyekevu zaidi kwamba upigaji wao unazingatia historia.

Ukali huohuo Taruskin aliutumia kwa watunzi waliojieleza wenyewe. Stravinsky, aliyefariki mwaka wa 1971, alidai kwamba katika muziki wake wa dansi maarufu wa mwaka wa 1913, The Rite of Spring, ni wimbo mmoja tu, ule unaosikika mwanzo kabisa, uliotoka katika nyimbo za wakulima. Taruskin alizichunguza rasimu za mtunzi huyo na kuzilinganisha na mikusanyo ya nyimbo za jadi iliyochapishwa kabla ya mapinduzi ya Urusi. Katika makala ya mwaka wa 1980 alionyesha kwamba nyimbo za jadi zilizomo ni zaidi ya hapo, zikiwa zimekatwa na kufumwa upya kwa ustadi. Kitabu chake kuhusu Stravinsky na mapokeo ya Kirusi, kilichotoka mwaka wa 1996 katika majuzuu mawili, kina kurasa zaidi ya elfu moja na mia tano. Kirusi alichosoma akiwa kijana ndicho kilichomfungulia milango yote hiyo.

Mwaka wa 2005 ilitoka kazi yake kubwa kuliko zote, The Oxford History of Western Music, majuzuu sita, kurasa zaidi ya elfu nne, na mwandishi mmoja. Katika utangulizi wake aliwasuta wanahistoria wanaopenda kuandika kwamba mtindo fulani ulizuka, ladha ilibadilika, maana ilipatikana, kana kwamba mambo hayo hutendeka yenyewe. Yeye alitaka kujua ni nani aliyetenda. Kwa mfano, kwa nini nyimbo za kanisa huko Ulaya zilianza kuandikwa kwa alama? Alijibu kwamba chanzo chake kilikuwa siasa. Wafalme wa Wafaranki wa karne ya nane na ya tisa, Charlemagne akiwa miongoni mwao, walitaka makanisa yote ya himaya yao yaimbe kama Roma, na haja ya kueneza nyimbo hizo ilichangia kuzaliwa kwa nota. Kitu tulichozoea kukiona kama kilele cha akili kilitokana na amri ya watawala.

Taruskin alikiri waziwazi mpaka wa kitabu hicho: kinasimulia muziki ulioandikwa, na sehemu kubwa ya muziki wa ulimwengu haikuandikwa. Sisi tulio upande wa pili wa mpaka huo tuna la kufikiria. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo wa Athumani mwaka wa 1728, umetufikia kwa hati za Kiarabu. Hati hizo zimehifadhi maneno na vina. Lahani hazikuhifadhi. Anayeughani leo hutumia lahani aliyofunzwa na aliyemtangulia, na huyo na aliyemtangulia. Ni mnyororo wa heshima, lakini hakuna awezaye kuapa kwamba pete zake zote ni zilezile. Hali kadhalika, ushahidi wa zamani tulio nao wa sauti ya Siti binti Saad ni santuri alizoanza kurekodi Bombay mwaka wa 1928. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulichukua dakika tatu au zaidi kidogo. Anayefanya santuri hizo kuwa kipimo kamili cha taarabu ya kale, basi amepima kwa kibaba cha kampuni ya kurekodi, maana barazani nyimbo hazikukatizwa na saa.

Turudi sasa shuleni. Nimewahi kushuhudia, katika tamasha moja ambayo sitaitaja, kwaya ya wasichana ikipunguziwa alama kwa sababu ilipiga debe mahali ambapo mwamuzi alitarajia ngoma ya ngozi. Bibi aliyewafunza wimbo huo alikuwepo. Tangu usichana wake hajaujua wimbo huo bila debe. Mwamuzi hakumuuliza. Alikuwa na picha ya asili kichwani mwake, na picha hiyo ikawashinda mashahidi waliokuwa mbele yake. Wasichana wale waliondoka wakiamini kwamba bibi yao amewadanganya. Hasara hiyo haijazwi na kikombe chochote cha ushindi.

Sipendekezi kwamba kila kitu kikubaliwe kwa jina la ubunifu. Wapo wanaochukua wimbo wa arusi, wakauvisha mapigo waliyoyasikia redioni, kisha wakautangaza kuwa ni wa mababu. Huo ni uongo. Dawa yake ni kumdai kila mleta wimbo aseme kweli. Mwalimu anapouleta wimbo jukwaani, na aandike katika daftari: niliupata kwa nani, katika kijiji gani, mwaka gani, aliyenifunza aliupata kwa nani, mimi nimebadilisha nini, na kwa nini. Mwanafunzi anayekusanya fasihi simulizi na afanye vivyo hivyo. Mwamuzi naye na asome daftari hilo kabla ya kutoa alama. Wazee wetu wanaondoka mmoja baada ya mwingine, na wimbo usio na maelezo haya, hata ukinaswa katika simu ya mkononi, baada ya miaka thelathini utakuwa yatima asiyejulikana kwao.

Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wanaukumbuka ubishi wa miaka ya 1970 kati ya washairi wa kimapokeo na wale wa mashairi huru. Kila upande ulidai kuwa ndio wenye kuijua asili ya ushairi wetu. Laiti swali la Taruskin lingaliulizwa mapema, kwamba ni nani aliyefanya nini, lini, na kwa ajili ya nani, huenda wino mwingi ungalitumika kutafiti badala ya kutukanana.

Simsifu msomi huyu kwa kila jambo. Kalamu yake ilikuwa na sumu, na mara nyingine aliwashambulia watu mahali ambapo kushambulia hoja kungetosha. Mwishoni mwa mwaka wa 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba nchini Marekani, okestra ya Boston ilifuta mpango wa kuimba sehemu za The Death of Klinghoffer, opera ya John Adams kuhusu mzee wa Kiyahudi aliyeuawa na watekaji nyara melini mwaka wa 1985. Taruskin aliandika katika gazeti la New York Times akiunga mkono uamuzi huo. Mimi siafikiani naye. Msikilizaji mzima anaweza kusikiliza kazi yenye uchungu na kujiamulia mwenyewe. Hata hivyo, namheshimu kwa sababu alisimama juu ya msingi uleule aliouweka katika mambo ya ala za kale: muziki ni kitendo cha watu, na kitendo huulizwa mwenyewe.

Mwaka wa 2017 Japani ilimtunuku Tuzo ya Kyoto, tuzo ambayo Harnoncourt, mmoja wa waasisi wa vuguvugu alilolihoji, alikuwa ameipata mwaka wa 2005. Mpigaji na mkosoaji, wote wawili wakaheshimiwa na meza moja. Nadhani hiyo ni haki, kwani kila mmoja alimhitaji mwenzake. Bila wapigaji, miswada ile ingaliendelea kuliwa na mende. Bila mhoji, tungaliendelea kuimba vizuri huku tukijidanganya.

Wanafunzi wanaosoma safu hii huambiwa mara kwa mara kwamba muziki si somo la kumlisha mtu, sembuse historia yake. Taruskin aliishi kwa historia hiyo, akafundisha vizazi, akabadilisha jinsi watu wanavyouzungumzia muziki ulioimbwa miaka mia tano kabla yake. Nyimbo za kwetu zingali hai vinywani mwa wazee wanaoweza kuulizwa leo hii, fursa ambayo yeye hakuwa nayo kwa Busnoys wala kwa Bach. Ya kale ni dhahabu, ndiyo. Kijana atakayekwenda kuwauliza wachimbaji wangali hai, akaandika majina yao, ndiye atakayetuachia dhahabu isiyotiliwa shaka.